Hundi ya kampuni ya mafuta: mikoko, gesi, usafi wa ufuo au maboya?

Kuelekea tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, na tena kabla ya Siku ya Mikoko ya 26 Julai, vikundi vya mazingira na vya wavuvi vya Mikindani, Jomvu, Tudor na Mtongwe, hapa Mombasa, havikosi wageni. Huyu analeta fulana, yule analeta miche, wa tatu ana mitungi ya gesi na mpiga picha. Kampuni za mafuta zimo humo, wala si ajabu. Mombasa ndiyo mlango wa mafuta wa Kenya, na wa Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo pia. Meli hushusha Kipevu na Shimanzi, matangi yamejipanga Changamwe, na bomba la kwenda Nairobi linasukuma mafuta tangu 1978. Mwenye biashara ya namna hiyo ana kila sababu ya kutaka kupendwa na majirani zake.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini si kila kinachojitembeza ni cha kukataliwa, na vikundi vyetu havina fedha za kuchezea. Kwa hivyo ulinganisho huu ni wa viongozi wa BMU (vikundi vya wavuvi vinavyosimamia ufuo), vyama vya misitu vya jamii, vikundi vya akina mama na vilabu vya mazingira vya shule, ambao barua ya kampuni iko mezani na wanatakiwa kujibu wanataka mradi gani. Nitataja msimamo wangu mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Kwa kikundi kilicho kando ya bandari, maboya ya kuzuia mafuta yakimwagika, pamoja na vifaa na mafunzo yake, yanashinda vyote. Mikoko inafuata, tena kwa masharti. Gesi ina faida yake, hasa jikoni. Usafi wa ufuo wa siku moja uwe wa mwisho. Hati za hewa ukaa, yaani kumuuzia mchafuzi hesabu ya hewa ukaa inayohifadhiwa na msitu, ni habari nyingine kabisa, nitazifikia.

Pimeni kwa kidonda

Kosa la kawaida ni kupima zawadi kwa ukubwa wa ile hundi ya kadibodi inayoshikwa na watu wanne mbele ya kamera. Pimeni kwa kidonda: je, zawadi hii inagusa madhara ambayo mtoaji mwenyewe huyafanya? Kampuni ya mafuta ina madhara ya aina tatu. Mafuta huvuja au kumwagika. Matangi, malori na mitambo hutoa mvuke na moshi unaovutwa na walio jirani. Na kubwa kuliko yote, bidhaa yenyewe ikichomwa huongeza joto la dunia. Kati ya asilimia 80 na 90 ya hewa ukaa itokanayo na mafuta hutoka pale mteja anapoyachoma, si pale kampuni inapoyachimba, kuyasafisha au kuyasafirisha. Ndiyo maana paneli za jua juu ya paa la kituo cha petroli, ingawa ni jambo jema, zinagusa sehemu ndogo sana ya hesabu. Kampuni ikijigamba kwamba shughuli zake zimepunguza hewa ukaa, ulizeni kama hesabu hiyo imeingiza pia mafuta yanayotoka kwenye pampu. Mara nyingi haikuyaingiza.

Miaka ya 1980 kampuni ya Chevron ya Marekani ilimtangaza sana kipepeo mdogo wa buluu aliyehifadhiwa ndani ya uwanja wa kiwanda chake cha kusafisha mafuta huko El Segundo, California. Kipepeo yupo kweli na hifadhi ni ya kweli. Ila gharama ya kumtunza ilikuwa vumbi tu ukilinganisha na mamilioni ya dola yaliyotumika kwenye matangazo. Wachunguzi wa kampeni ile walionyesha pia kwamba baadhi ya mambo yaliyokuwa yakisifiwa yalikuwa wajibu wa kisheria. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mgeni wenu ni hili: mnachotuletea ni zaidi ya mnachodaiwa na sheria, au ni kile kile mkikifunga utepe?

Swali la pili ni la muda. Mwaka 2000 BP ya Uingereza ilijivika nembo mpya ya jua la kijani na manjano, ikajitangaza kuwa imevuka zama za petroli. Aprili 2010 kisima chake kililipuka kwenye Ghuba ya Mexico, wafanyakazi 11 wakafa, na mafuta yakatiririka baharini kwa siku 87. Mwaka 2020 ikaahidi kupunguza uzalishaji wa mafuta na gesi kwa asilimia 40 kufikia 2030. Februari 2023 ahadi ikashuka hadi asilimia 25. Februari 2025 ikatangaza kuongeza matumizi kwenye mafuta na gesi hadi kama dola bilioni 10 kwa mwaka na kukata fedha za nishati safi. Simtaji BP kwa sababu ni mbaya kuliko wenzake. Namtaja kwa sababu tarehe zake zimeandikwa na kila mtu anaweza kuzifuata. Uchunguzi wa shirika la InfluenceMap wa mwaka 2022 uliangalia mawasiliano ya BP, Shell, Chevron, ExxonMobil na TotalEnergies, ukakuta asilimia 60 yana angalau dai moja la kijani, ilhali asilimia 12 tu ya fedha za uwekezaji za mwaka huo ndizo zilizopangiwa nishati yenye hewa ukaa ndogo. Ahadi ya makao makuu, basi, isiwe dhamana ya mradi wenu. Dhamana ni karatasi mliyotia sahihi nyinyi.

Swali la tatu ni la mdomo: mkishapokea, bado mna ruhusa ya kusema? Nitalirudia, maana hapo ndipo wengi hunaswa.

Mikoko upande huu, maboya upande ule

Mikoko ndiyo kipenzi cha idara za mawasiliano. Mgeni rasmi anavaa mabuti ya mpira, tope linapendeza kwenye picha, na baada ya saa mbili kuna tarakimu ya kutangaza: miche elfu kadhaa. Tarakimu hiyo ni ya siku ya kupanda. Ya mwaka unaofuata haina mtu wa kuitangaza.

Wenyeji wanajua kwa nini. Kila mti una mahali pake. Mlilana hukaa mbele kabisa, unapokutana na bahari. Mkoko wenyewe hufuata, nyuma yake muia na mkandaa, na mchu huvumilia mbele na nyuma, hata penye chumvi kali. Sasa, mkoko ndio rahisi kupanda, kwa kuwa mbegu zake ndefu huokotwa na kuchomekwa tu. Basi huchomekwa kila mahali, hata kwenye tope tupu la mbele ambako mkoko haukuwahi kuota, kwa sababu hapo pana nafasi ya watu mia mbili kusimama wakapigwa picha. Bamvua mbili tatu zikipita, miche imekwenda. Na mahali pengine mikoko hairudi si kwa kukosa miche, bali kwa sababu njia ya maji imezibwa au watu wanaendelea kukata kuni na nguzo. Mkono wa bahari wa Tudor ulipoteza sehemu kubwa ya mikoko yake kati ya 1992 na 2009, na huko ukataji na majitaka ya mji vina mchango. Penye hali hiyo, kufungua mkondo wa maji na kulipa walinzi huleta msitu kuliko miche elfu kumi. Mbegu za jirani zitakuja zenyewe na maji. Lakini nani atapiga picha mkondo?

Jambo jingine linalosahauliwa na wageni: mikoko ya Kenya ni msitu wa serikali tangu 1932, na msimamizi wake leo ni Huduma ya Misitu, KFS. Kikundi kisicho na makubaliano na KFS kinapanda kwenye shamba la mtu mwingine.

Sasa geukeni upande wa maboya. Ninayosema hapa ni yale marefu yanayoungwa moja kwa jingine na kutandazwa juu ya maji ili mafuta yasipite, pamoja na vifaa vya kunyonya mafuta, glavu, mabuti, na mazoezi ya mara kwa mara ya kuvitumia. Hayana mvuto wa picha. Hukaa ghalani mwaka mzima na mkiwa na bahati hamtayahitaji kamwe. Ila yanagusa kidonda chenyewe. Mwaka 1988 tangi la mafuta lilitoboka na mafuta mazito yakaingia mkono wa Makupa, mikoko ikafa. Aprili 2005 meli ya Ratna Shalini ilimwaga mafuta ghafi Kilindini, yakasambaa hadi mikoko ya Port Reitz. Mafuta mazito hufunika mizizi ya kupumulia ya mchu na ya mkoko, mti ukakosa hewa, na yakishazama kwenye tope hukaa humo miaka. Kwa hiyo anayepanda mikoko ng'ambo ya gati la mafuta bila mpango wa kuzuia mafuta anapanda na kuomba Mungu.

Mfano wa jirani unatosha kuonyesha tofauti ya kabla na baada. Julai 2020 meli ya Wakashio ilipanda mwamba huko Mauritius, na mwezi uliofuata ikamwaga kiasi cha tani 1,000 za mafuta. Wananchi hawakuwa na maboya ya kutosha. Walishona yao wenyewe kwa magunia na majani ya miwa, wakajaza nywele kwenye soksi ndefu za wanawake. Baadaye kampuni ya Kijapani iliyokuwa imeikodi meli hiyo iliahidi angalau yeni bilioni moja kwa mambo kama uhifadhi wa mikoko na matumbawe. Sisemi fedha zile hazina maana. Nasema zilikuja baada.

Lazima niwe mkweli kwa upande wa pili pia. Maboya yana kasoro zake. Kwanza, gati na bohari za mafuta zinatakiwa tayari kuwa na vifaa vyao na mpango wao wa dharura, na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, ndiyo inayosimamia mpango wa kitaifa wa kukabili umwagikaji. Kampuni isije ikahamishia mzigo wake kwa wavuvi ikauita msaada. Mnachoomba ni nyongeza: maboya mafupi ya kufunga mlango wa mkono wenu wa bahari, mafunzo, nafasi ya kushiriki mazoezi ya bandari, na bei iliyokubaliwa mapema ya kukodi mashua na nguvu kazi siku ya tukio. Pili, si kila mafuta ni ya kuguswa na kikundi. Petroli huvukiza haraka, na mvuke wake hulipuka. Septemba 2011, mtaa wa Sinai jijini Nairobi, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba ikaingia mtaroni na kuwaka, watu zaidi ya mia wakafa. Kwa petroli, kazi ya kikundi ni kuondoa watu na kupiga simu, basi. Mafunzo yasiyosema hivyo siku ya kwanza yakataeni.

Kuna faida nyingine ya upande huu ambayo ni nadra kutajwa, nayo ni karatasi. Kenya imejiunga na mfuko wa kimataifa wa fidia wa 1992 kwa uchafuzi unaotoka kwenye meli za mafuta. Unahusu mafuta yasiyovukiza upesi, kama mafuta ghafi na mafuta mazito, petroli haimo. Mvuvi anaweza kudai hasara ya kipato, lakini kwa ushahidi. Akija na mkono mtupu aseme tu kwamba kamba walikuwa wengi zamani, hatapata kitu. Daftari la BMU linaloonyesha kilo zilizoshushwa kila siku, bei, na majina ya vyombo, pamoja na picha za ufuo zenye tarehe na vipimo vya maji vya kabla ya tukio, ndilo linalogeuka kuwa fedha. Kampuni ikiuliza inaweza kusaidia nini kwa bei nafuu, jibuni: mizani, daftari, simu moja nzuri ya kupigia picha, na gharama za maabara kila baada ya miezi mitatu, maabara tutaichagua sisi. Angalieni uso wa anayesikiliza. Kampuni isiyo na la kuficha haitaona shida.

Owino Uhuru pale Changamwe hawakuumizwa na mafuta, waliumizwa na madini ya risasi ya kiwanda cha kuyeyusha betri. Lakini safari yao inafundisha hapa hapa. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Kesi ile ilisimama juu ya vipimo vya damu na udongo.

Gesi na usafi wa ufuo

Mitungi ya gesi huletwa kama mradi wa mazingira, nami ningependa tuite jina lake: ni mradi wa afya ulio na biashara ndani yake. Faida ni ya kweli. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Mama anayehama kutoka kuni na makaa kwenda gesi anapumua vizuri, na kama kuni zake zilikuwa za mkandaa wa Tudor, basi na msitu unapata nafuu. Hapo gesi inaweza hata kuipita mikoko ya kupigiwa picha. Lakini gesi hiyo ni bidhaa ya kampuni ile ile au ya wenzake, na mtungi wa kwanza wa bure ni mwanzo wa mteja. Ulizeni nani atalipa kujaza mara ya pili hadi ya kumi. Mtungi wa kilo 6 usio na fedha za kuujaza huishia kuwa kiti. Kama msaada una punguzo la kujaza kwa mwaka mzima, jiko imara na mafunzo ya usalama, chukueni, ila picha zisiandikwe kwamba kampuni inaokoa bahari.

Usafi wa ufuo sina mengi. Plastiki nyingi mnayookota Bamburi na Mama Ngina imetengenezwa kwa mafuta na gesi, kwa hiyo tasnia hii inawapa glavu mkaokote bidhaa yake. Septemba 2024 jimbo la California liliishtaki ExxonMobil kwa madai kwamba iliwahadaa watu kwa miongo kuhusu uwezo wa plastiki kurejelezwa. Kama mtafanya usafi, ombeni mapipa, mkokoteni, na malipo ya kuzoa kila wiki. Asubuhi moja ya fulana mia tano haibadilishi kitu. Fulana zenyewe baadaye ni taka.

Hati za hewa ukaa

Hapa kuna fedha kubwa zaidi na maneno makubwa zaidi. Mfano wetu mzuri uko Gazi, Kwale. Mikoko Pamoja, ya vijiji vya Gazi na Makongeni, imekuwa ikiuza hati za hewa ukaa tangu 2013 kutokana na hekta 117 za mikoko, kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zimeleta maji na kusaidia shule, na mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Vanga wakafuata mwaka 2019 kwa eneo kubwa zaidi. Mimi naipenda miradi hii. Ninachokataa ni hesabu za baadhi ya wanunuzi.

Fanyeni hesabu hii kwa simu. Lita moja ya dizeli ikichomwa hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa. Lori la tangi la lita 33,000, kama yale yanayopanda Miritini usiku kucha, hubeba mafuta ya kutoa karibu tani 89 za hewa ukaa. Hati zote za Mikoko Pamoja za mwaka mzima ni sawa na malori 34 hivi. Meli moja yenye tani 80,000 za dizeli ingehitaji hati za Gazi za zaidi ya miaka 80. Kwa hiyo kampuni ya mafuta ikinunua hati zenu ikasema dereva wake sasa anaendesha bila kuchafua, msitu wenu umetumiwa kuficha meli. Mwaka 2021 kamati inayosimamia maadili ya matangazo nchini Uholanzi iliiambia Shell iache tangazo lililomwambia dereva kwamba akiongeza senti moja kwa lita safari yake haina madhara ya hewa ukaa. Oktoba 2025 mahakama ya Paris iliamua kwamba TotalEnergies iliwapotosha wateja kwa kujitangaza kuwa inaelekea kutochangia hewa ukaa kufikia 2050 huku ikiendelea kuongeza uzalishaji wa mafuta na gesi.

Sheria ya Kenya iliyorekebishwa mwaka 2023 inadai mkataba wa maendeleo na jamii kabla ya mradi wa hewa ukaa kuanza, na kwa miradi ya ardhi jamii ipate angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka. Kwa kikundi kidogo cha Mombasa, kazi ya kupima, kusajili na kukaguliwa ni nzito mno bila mshirika wa kitaalamu. Ushauri wangu: msianze na hili. Na mkifika huko, mkataba utaje wanunuzi mnaowakubali na maneno wanayoruhusiwa kuyatumia.

Aliyekuja ni nani hasa

Si kila mwenye nembo ya mafuta ni kampuni ya aina moja, na hili hubadilisha cha kuomba. Muuzaji wa vituo vya petroli hana gati wala kisima. Madhara yake makubwa ni bidhaa na matangi ya chini ya vituo. Kwake gesi au nishati ya jua ya shule inaeleweka. Mwenye gati, bohari au bomba ndiye mwenye hatari ya kumwagika hapa hapa, na kwake maboya hayana mbadala. Mchimbaji wa mbali, kama wa Turkana au wa Ziwa Albert, kidonda chake kiko mbali. Akija kupanda mikoko Mombasa muulizeni amefanya nini kule anakochimba. Mafuta ghafi ya kwanza ya Turkana yalipita hapa kwa malori na kusafirishwa Agosti 2019, kwa hiyo naye si mgeni kabisa.

Tena majina kwenye mabango hayalingani na wenye mali. Vituo vya Shell nchini Kenya huendeshwa na Vivo Energy. KenolKobil ilinunuliwa na Rubis ya Ufaransa mwaka 2019. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe kiliacha kusafisha mwaka 2013, mwekezaji wake wa Kihindi akaondoka, na mwaka 2023 kikaingia mikononi mwa kampuni ya bomba. Mradi wa miaka mitano unaweza kuanza na mwenye kampuni mmoja ukamalizika na mwingine, kwa hiyo andikeni kwamba makubaliano yanamfunga na atakayerithi.

Karatasi ya makubaliano

Kati ya ofa mbili zenye fedha sawa, chagueni yenye karatasi fupi na wazi. Someni kwanza kipengele cha picha: je, kampuni inaweza kutumia nyuso zenu na jina la kikundi popote, milele? Punguzeni iwe mwaka mmoja, kwa mradi huu tu, na maneno ya chini ya picha mpitishe nyinyi. Kisha tafuteni sentensi inayosema kikundi hakitatoa kauli ya kuharibu jina la mfadhili. Hiyo futeni. Mvuvi anayeona mafuta Kipevu saa kumi na moja alfajiri asilazimike kumtafuta wakili kabla ya kupiga simu NEMA, mamlaka ya mazingira. Kama kampuni inang'ang'ania sentensi hiyo, acheni fedha. Ukimya ndio walikuja kuununua.

Malipo yawe ya awamu. Kwa mikoko, sehemu kubwa ilipwe baada ya kuhesabu miche iliyo hai mwaka wa kwanza, wa pili na wa tatu. Kwa maboya, kila mwaka kuwe na mazoezi angalau mara mbili, moja msimu wa kusi, moja wa kaskazi, maana upepo ukigeuka na mafuta hugeuka. Mwisho, kabla ya kutia sahihi, ombeni ripoti za ukaguzi wa mazingira wa kila mwaka za bohari au gati la mfadhili. Zikigoma kutoka kwa kampuni, ziombeni NEMA kwa barua mkitaja Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Ofisi ya umma ina siku 21 za kujibu.

Nani achukue nini

Mikindani, Jomvu, Port Reitz, Mtongwe na pande za Likoni zinazotazama gati: maboya, mafunzo na daftari, hata kama fedha ni nusu ya zile za mikoko. Tudor ya ndani: mikoko, lakini ile ya kulinda na kufungua maji, pamoja na gesi kwa kaya zinazokata. Bamburi, Shanzu na Nyali: mapipa na uzoaji, kwa kuwa hoteli pia zitachangia. Shule: kataeni kuwapeleka watoto kwenye tope kwa ajili ya video, ombeni ziara ya gati la Kipevu na mtaalamu wa KMA au wa KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari, aje awafundishe namna bandari inavyojilinda.

Na kampuni ikijibu kwamba bajeti ya mwaka huu ni ya miche tu, kwa sababu kauli mbiu imeshachapishwa? Chukueni, mkishusha idadi. Badala ya miche elfu kumi mbele ya tope, kubalini mia tano ya muia na mkandaa mahali KFS na wazee wenu watakapoonyesha, na fedha zinazobaki ziwe mshahara wa walinzi wawili wa kitalu kwa miaka mitatu, waandikwe kwa majina kwenye mkataba.